Waandaaji wa mafunzo ya kuishi porini, hiyo orodha ya vifaa mmeitoa wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu naandika nikiwa na hasira na sitaki kuipunguza.

Kuna watu wanaendesha mafunzo ya kuishi porini kule Lushoto, ndani ya msitu wa Magamba. Jina silitaji. Ukishalipa, wanakutumia WhatsApp orodha ya vitu vya kubeba. Nusu ya orodha imekopiwa nchi za watu, maana ina mpaka dawa ya kumpulizia dubu. Usambara kuna dubu? Nusu nyingine wameandika wenyewe, na hiyo ndiyo ya hatari: upande wa nguo ni fulana mbili na jinzi, basi. Sweta hakuna, koti la mvua hakuna, soksi za akiba hakuna.

Lushoto mjini tu ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na msitu unapanda mpaka unavuka 2,000. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Sasa mchukue mtu wa Dar anayelala na feni, mpeleke huko mwezi wa saba, ukungu na manyunyu, amevaa jinzi.

Dada mmoja wa kundi letu jinzi ilimlowa tangu alasiri. Kufika saa tisa usiku meno yanagongana, vidole vinashindwa kufunga zipu, na maneno yanamtoka kama mtu aliyelewa. Mkufunzi anasema avumilie, ndiyo mafunzo yenyewe. Mafunzo gani hayo? Mtu akianza kuongea hivyo joto la mwili limeshashuka, anaweza kufa. Wanawake wenzake ndio waliomvua zile nguo mbichi, wakamvika za kwao kavu na kumweka katikati yao mpaka kukakucha.

Jinzi ni pamba, na pamba ikilowa inakaa na maji na kukunyonya joto. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inakutunza. Sweta za sufu zimejaa soko la Karume, Dar, kwenye mtumba, bei ya kawaida kabisa. Kuandika mstari mmoja tu, "beba sweta ya sufu", kunamgharimu nini mtu aliyekwishapokea hela yangu?

Maji nayo. Wameandika chupa ya lita moja, "maji mengine yapo mtoni". Sufuria haimo, sasa hayo ya mtoni uyachemshie kwenye nini? Yanatakiwa yatokote dakika nzima, na ukivuka mita 2,000 yaache dakika tatu. Tena kijito kikiwa kimepita kwenye mashamba ya kabichi na karoti, kuchemsha kunaua vijidudu tu, dawa za shambani zinabaki mle mle. Kwenye mafunzo yao hili halikutajwa hata kidogo.

Aliyetufundisha kitu cha maana ni mzee wa kijijini aliyetuongoza njia. Kuni zote zimelowa, viberiti vyetu vimeloana, yeye akatoa mfukoni kiberiti cha gesi na kipande cha tyubu ya baiskeli, akakikata vipande vyembamba kwa kisu. Mpira ule ukiwaka hauzimwi na unyevu, unawaka muda wa kutosha vijiti vikauke na kushika. Kipande cha tyubu fundi baiskeli anakupa bure. Hakimo kwenye orodha, wala filimbi haimo, wala tochi ya akiba.

Mnaojiandaa kwenda awamu ijayo, kabla hamjatuma hela waulizeni kambi iko mita ngapi na usiku baridi inafika wapi. Wakishindwa kujibu, msiende.

Mimi nimeuliza kwenye kundi lao la WhatsApp nani aliandika ile orodha, na kama amewahi kulala Magamba mwezi wa saba. Nikaondolewa kundini. Najua wengine wao mmo humu, basi nijibuni hapa hapa, na gharama za yule dada za hospitali mzirudishe.