Kwa nini vizuizi vya p38 vilishindwa kutibu baridi yabisi?

Mwanabiokemia: Ndugu wanajukwaa, ninasoma shahada ya uzamili na kuna jambo ambalo vitabu vyangu vinalipita haraka. Kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine na hivyo kubadilisha utendaji wake. Kinasi ya p38, iliyotambuliwa mwaka 1994, huamka seli inapopatwa na msongo wa mionzi, chumvi nyingi au sumu za bakteria, na katika makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) huchochea utengenezaji wa TNF, saitokini, yaani protini inayobeba ishara za kinga, ambayo ikizuiwa kwa kingamwili wagonjwa wengi wa baridi yabisi hupata nafuu. Kwa hesabu hiyo, kuifunga p38 kulipaswa kuwaponya maumivu. Mbona pamapimod na vizuizi vingine vya p38 vilishindwa, ilhali imatinib, ambayo nayo ni kizuizi cha kinasi, iligeuza matibabu ya lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu, tangu 2001?

Mtafiti wa Kinga: Tazama kwanza kila ugonjwa unaanzia wapi. Katika lukemia hiyo, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, na hapo huzaliwa BCR-ABL, kinasi isiyozimika ambayo ndiyo inayoisukuma seli igawanyike. Ukiizima, umeukata ugonjwa mzizi. Kinyume chake, p38 ya mgonjwa wa baridi yabisi haina hitilafu yoyote, inatimiza tu wajibu wake wa kupokea taarifa za msongo. Tena wajibu huo una pande mbili, na hapa ndipo penye uhondo wa swali lako. Kupitia kinasi ya MK2, p38 huifanya RNA ya TNF (nakala ya maelekezo ya kuitengeneza) idumu na kusomwa. Kupitia kinasi za MSK1 na MSK2, huwasha jeni za IL-10 na DUSP1, ambazo hutuliza uvimbe. Zaidi ya hayo, huweka fosfeti kwenye TAB1, protini mshirika wa TAK1, na hivyo kuidhoofisha TAK1, kinasi iliyo juu yake. Ukiifunga p38, TAK1 hubaki bila breki na kuendelea kuwasha JNK na NF-κB, njia nyingine za ishara zinazochochea uvimbe. Kwa maoni yangu, ndiyo sababu protini ya CRP, kipimo cha uvimbe, katika damu ya wagonjwa ilishuka wiki za mwanzo kisha ikapanda tena wakiwa bado wanatumia dawa. Madhara kwenye ini nayo yalizuia dozi kuongezwa.

Mfamasia: Maelezo ya TAB1 nayakubali, ila hitilafu ya kinasi si kigezo cha kutosha. JAK, jamii nyingine ya kinasi, za wagonjwa hao nazo ni nzima, na bado tofacitinib, kizuizi cha JAK, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa ugonjwa huohuo. Tofauti naiona mahali kinasi ilipo: JAK imeshikamana na vipokezi vyenyewe, kwa hiyo ukiifunga unakata ishara za IL-6 na saitokini nyingine kadhaa mlangoni, wakati p38 iko ndani zaidi, ikiwa na njia sambamba za kuizunguka. Hata hivyo, mafanikio hayo yana gharama, kwani mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo zito kuhusu mshtuko wa moyo, kuganda kwa damu na saratani.

Mwanabiokemia: Nashukuru sana. Je, tukishuka hadi MK2 na kuacha tawi la MSK lifanye kazi yake?

Mtafiti wa Kinga: Wazo hilo ndilo lililozaa zunsemetinib, iliyoundwa kuzuia p38 isiiamshe MK2 huku ikiyaacha matawi mengine. Jaribio lake la awamu ya pili kwa wagonjwa wa baridi yabisi halikufikia lengo, na matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Kwa hiyo maelezo yangu ya breki, ingawa bado nayaamini, hayatoshi peke yake. Ningekushauri uanze kusoma kuhusu JNK na NF-κB kabla ya kurudi kwa p38.