MREJESHO: Laptopu iliyokuwa inakula bando

Habari wakuu. Mwezi uliopita nililalamika hapa kwamba nikiunga laptopu kwenye hotspoti ya simu, GB 5 zinayeyuka kwa siku mbili, na mimi nipo geto Malimbe, Mwanza, nasubiri bumu (hela ya mkopo wa chuo). Asanteni sana mlionijibu.

Aliyesema niiambie Windows kwamba mtandao ule ni wa kupimiwa (metered), yaani bando lina kikomo, isijipakulie vitu vikubwa yenyewe: mkuu, ulipiga penyewe. Kumbe masasisho yalikuwa yanashuka kimyakimya usiku nimelala. Nikaizuia pia WhatsApp isijipakulie video (grupu la darasa limejaa video za harusi, sijui kwa nini). Sasa GB 5 zinafika siku tisa.

Ushauri wa kubadili diski niweke SSD (diski ya kisasa yenye kasi) nao nimeufuata, ila nusu. Mashine inawaka kabla sijamaliza kumenya chungwa. Tatizo, diski ya zamani nilimwachia fundi ili anipunguzie bei, na mlishaniambia ninakili mafaili kwanza. Niliporudi kesho yake ilishafutwa na kuuzwa. Risechi naianza upya, ukurasa wa kwanza.

Ule ushauri wa kupika dagaa niache chipsi, bado. Mtungi wa gesi umeisha.