Naanza Kijapani: nikariri kanji kwanza au maneno?

mwanafunzi_tu: Wakuu, hiragana na katakana (zile herufi za sauti) nimeshamaliza. Nimepakua orodha ya kanji (herufi zenye asili ya Kichina) zote 2,136 za jōyō, yaani za matumizi ya kawaida, pamoja na namna zote za kuzisoma. Nikariri moja moja mpaka ziishe ndipo nihamie kwenye msamiati? Na kuandika kwa mkono ni lazima?

Kamusi_Mfukoni: Orodha hiyo iweke kando, mkuu. Chukua 生 peke yake: kwenye 学生 inasomwa *sei*, 一生 *shō*, 生きる *i*, 生まれる *u*, 生ビール *nama*, na bado hazijaisha. Ukizimeza zote, siku ukikutana na neno lenyewe bado utakuwa unabahatisha. Kariri neno zima, kanji utaizoea humo humo.

Kwenye Anki (programu ya kadi za kukariri), mbele weka sentensi fupi yenye neno hilo kwa kanji. Nyuma weka hiragana, maana na sauti. Romaji (Kijapani kwa herufi za a, b, ch) usiweke kabisa, jicho litaikimbilia. Halafu punguza kadi mpya: programu yenyewe imepangwa 20 kwa siku, wewe weka 10. Kadi za leo zinarudi kesho, zinarudi tena baada ya siku chache, na kabla ya mwezi kuisha marudio yanakulemea. Wengi huachia hapo, wala si kwa sababu kanji ni ngumu.

hatua_kumi: Naongezea. Neno likigoma kuingia, mara nyingi unalichanganya na jingine. Ziweke pamoja 待つ (kusubiri) na 持つ (kushika). Kulia zote zina 寺, kwa hiyo tazama kushoto: 扌 ni mkono, ndiyo kushika, 彳 inahusu mwendo.

Upande wa kulia nao mara nyingi hubeba sauti. 晴, 清, 精 na 請 zote zina 青, na zote zina usomaji *sei*. Ila usiutegemee moja kwa moja: 時 na 持 ni *ji* kama 寺, lakini 待 ni *tai*. Zile bushu (sehemu za kupangia kanji) 214 za kamusi achana nazo kwa sasa. Hizi zinazojirudia zinatosha.

Pwani_Nihongo: Kuandika si lazima kwa zote, ila kanji mia za mwanzo ziandike, jicho lizoee. Fuata mpangilio wa mistari: 右 huanza na mstari wa mshazari, 左 huanza na wa mlalo. Simu nayo hutambua haraka ukichora kwa mpangilio.

Kingine, kwenye mipangilio ya simu ongeza Kijapani chini ya Kiswahili. Bila hivyo unaweza kuonyeshwa umbo la Kichina: 直 ya Kijapani ina kona chini kushoto, ya Kichina haina.

Na sikiliza urefu wa irabu. Sauti zenyewe a, i, u, e, o hazitusumbui, lakini *obasan* ni shangazi, *obāsan* ni bibi.

mwanafunzi_tu: Shukrani wakuu. Hizo 10 ni pamoja na marudio?

Kamusi_Mfukoni: Mpya tu. Ukikosa siku kadhaa, weka mpya 0 mpaka marudio yaishe, ndipo uanze tena na 5.