Okestra isiyogawana faida: tupate wapi msaada, na nani atusemee?

Fidla wa Ngamiani, Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Hapa Ngamiani tuna okestra ya vijana na wazee inayofanya mazoezi katika darasa la kuazimwa, ikipiga taarabu ya zamani pamoja na muziki wa Ulaya ulioandikwa kwa nota. Tuna fidla, chelo mbili, kodiani, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), besi na dumbaki (ngoma ndogo). Watoto tunawafundisha bure, na wapigaji hawapati kitu ila nauli, siku ambazo nauli ipo. Unyevu wa pwani unaachisha gundi ya fidla hadi ubao wa juu unainuka, na chelo moja imelazwa kabatini tangu daraja lake, kibao kinachobeba nyuzi, livunjike. Kila tunapobisha hodi kuomba msaada tunaulizwa mambo ambayo hatuna majibu yake: mmesajiliwa wapi, hesabu zenu zinakaguliwa na nani, na anayewachangia anapata nafuu gani ya kodi? Kampuni moja ilikwisha kubali kutununulia nyuzi, kisha ikajitoa ilipoona kuwa akaunti ya benki ni ya jina la mwenyekiti wetu. Nimesikia kwamba Marekani na Uingereza okestra zina vyama vya kuzisemea. Sisi tuanzie wapi?

Mhasibu wa Chumbageni

Ndugu yangu, anzeni na usajili, kwa sababu akaunti ya jina la kikundi haifunguliwi bila cheti. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria namba 23 ya mwaka 1984, litawatambua kama kikundi cha sanaa, na hilo ni la lazima kwa anayepiga mbele ya watu. Mfadhili, hata hivyo, mara nyingi hutaka zaidi ya hapo. Ipo Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, inayoruhusu usajili wa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa, na inayotaja maendeleo ya utamaduni miongoni mwa madhumuni yake. Lakini sheria hiyo iliziweka kando klabu za starehe. Kwa hiyo katiba yenu iseme wazi kwamba mnafundisha na kuhifadhi muziki. Mkiandika kwamba lengo ni kuburudisha wanachama, mmejifungia mlango wenyewe. Na msiogope kuuza tiketi. Kinachokatazwa ni kugawana faida, si kuipata. Ziada inarudi kwenye nyuzi, gundi na walimu.

Suala la kodi linahitaji uangalifu zaidi, maana wengi hudhani cheti cha usajili kinatosha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaitambua taasisi ya hisani kwa madhumuni machache: kuwaondolea watu umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, na kutoa huduma za umma kama afya, maji na barabara. Sanaa haimo. Mlango wenu ni elimu, na watoto mnaowafundisha bure ndio ushahidi wenu, mradi muwe na daftari la mahudhurio, ratiba ya masomo na majina ya walimu. Hapo ndipo mtakapoiandikia Mamlaka ya Mapato kuomba uamuzi rasmi wa Kamishna. Mkishatambuliwa, mfanyabiashara anayewachangia anaweza kuuondoa mchango wake katika hesabu ya mapato yanayotozwa kodi, usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Kampuni ile ya nyuzi ingepata jibu lake hapo.

Mkazi wa Kilwa

Nami niongeze kuhusu kusemewa. Chama cha Marekani ni League of American Orchestras, kilichoanzishwa mwaka 1942, na kazi yake moja kubwa ni kupeleka haja za okestra mbele ya Bunge na serikali huko Washington. Uingereza nayo ina Association of British Orchestras, na tangu tarehe 1 Aprili 2016 okestra za huko zina nafuu yake maalumu ya kodi.

Mfano ulionigusa zaidi unaihusu miti yetu. Klarineti na obo nyingi, ambazo ni ala za kupuliza, huchongwa kwa mpingo, ambao huku kusini tunaufahamu vyema. Mwanzoni mwa 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliiweka jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, chini ya udhibiti, na klarineti mpya iliyouzwa kuvuka mpaka ikahitaji kibali. Vyama vya okestra, mafundi wa vyombo na wauzaji walikwenda kwa sauti moja, wakaonyesha kwamba chombo kilichokamilika si gogo, na mwaka 2019 mkutano wa Geneva ukakubali kuviondoa vyombo vilivyokamilika katika sharti hilo, huku magogo na mbao vikibaki chini ya ulinzi. Hawakwenda kusema kwamba muziki ni muhimu. Walikwenda na kifungu kimoja na maneno waliyotaka yaandikwe.

Mwalimu wa muziki, Bagamoyo

Nakubaliana na ndugu wa Kilwa, nanyi chagueni jambo moja la kuidai halmashauri ya jiji. Kwa maoni yangu lisiwe fedha. Liwe chumba kikavu cha kuhifadhia vyombo, chenye barua ya matumizi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na anayefika kwa afisa utamaduni mwezi Juni amekuta bajeti imekwisha pita. Pelekeni ombi kwenye kamati ya maendeleo ya kata mapema, kabla ya Januari, na diwani alisikie vyombo vikipigwa.

Mtasikia pia habari za mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa na ya halmashauri. Mkopo hulipwa, na okestra inayofundisha bure haina cha kulipia, nawasihi msiuguse. Afadhali kuzungumza na TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, kuhusu wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, au kuvuka hadi Unguja kukitazama kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichodumu tangu 1905 mikononi mwa wanachama wake.

Fidla wa Ngamiani, Tanga

Nawashukuru sana. Katiba tutaiandika upya wiki hii. Swali lililobaki: tukialikwa harusini tukalipwa, je, wapigaji wakipewa posho, hiyo si kugawana faida?

Mhasibu wa Chumbageni

Si kugawana faida, mradi kiwango kipangwe na kamati kabla ya shughuli, kila mmoja atie saini alipopokea, na mwanakamati anayepiga asishiriki kujipangia posho yake. Kinachobaki kipelekwe benki kesho yake.