Tupeane uzoefu: tabia ndogo za afya na moyo mkunjufu, Mwanza na kandokando ya ziwa

Mleta uzi, Nyegezi

Mwangaluka wana Kanda ya Ziwa. Ushauri wa "kula vizuri, fanya mazoezi, uwe na furaha" tumeusikia tangu shule ya msingi na wengi wetu bado tumekaa palepale. Naomba kila anayechangia atupe vipimo: kiasi gani, saa ngapi, kwa mpangilio upi, na wapi watu hukwama. Historia za maisha yetu tuziweke pembeni kwa leo.

Naanza mimi. Tabia mpya inataka mahali pa kuegemea. Ukisema "nitanyoosha viungo kila siku", siku inakwisha hujakumbuka. Sema "nikishabandika sufuria ya chai, nanyoosha mgongo na miguu mpaka maji yachemke". Hapo sufuria ndiyo inayokukumbusha. Jiko la mkaa linakupa kama dakika 10, zinatosha kabisa.

Na msikate tamaa mapema. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijenga tabia moja aliyoichagua. Muda wa kati mpaka tabia ifanyike bila kujilazimisha ulikuwa siku 66. Wa haraka zaidi alitumia siku 18, na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Anayeacha wiki ya tatu kwa sababu "bado naona uzito" ameacha akiwa njiani. Walibaini pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu. Ukikosa Jumanne, Jumatano endelea na kipimo kilekile. Usilipize kwa kufanya mara mbili, maana hapo zoezi linageuka adhabu na mwili unalichukia.

Kocha, Mabatini

Mleta uzi ahsante. Mji wetu ni wa miamba na vilima, hakuna haja ya kulipia jimu. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Wastani maana yake unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, kaza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Wiki ya kwanza tembea dakika 10 kwa siku tano, kisha kila wiki ongeza dakika 5. Wiki ya tano utakuwa kwenye 30 mara tano, 150 imetimia. Wanaoanza na saa nzima Jumatatu huwa wameishia Alhamisi na maumivu ya ugoko.

Kupanda ngazi za mawe za Mabatini, Igogo au Bugando kunachosha mapafu, lakini kinachoumiza magoti ni kushuka. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, kisigino kisipige jiwe kwa kishindo. Kandambili hazifai, mguu unateleza ndani yake na kifundo kinapinduka. Mvua ikinyesha achana na mawe, yana utelezi hata yakionekana makavu. Siku hiyo nenda barabara ya kando ya ziwa kule Capri Point. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu tembea upande wa kulia, magari na bodaboda zije mbele yako uzione.

Asiye na muda kabisa ashuke kwenye daladala vituo viwili kabla ya chake, asubuhi na jioni. Kifua kikibana, au maumivu yakienda mkononi au tayani, simama hapohapo na uwahishwe hospitali. Hayo siyo ya kuvumilia.

Mama Lishe, Kirumba

Shikamooni wakubwa. Mimi nazungumzia jikoni, na nianze na chumvi maana ndiyo tunayodanganyana nayo zaidi. Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikiwemo chumvi iliyomo kwenye mkate na vile vipande vya kiungo cha mchuzi. Nani atakaa anapima kila mlo? Kwa hiyo pima paketi. Nyumba ya watu wazima watano ni gramu 25 kwa siku, basi paketi ya gramu 500 isiishe kabla ya siku 20. Andika tarehe kwa kalamu juu ya paketi siku unapoifungua. Ikiisha siku ya 11, umeshapata jibu, na bado hujahesabu ya mkate. Kupunguza nako kuwe taratibu: robo ya kijiko kwa sufuria, kaa hapo wiki mbili, ndipo upunguze tena. Ukikata ghafla nyumba nzima itagoma na chumvi itahamia mezani. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vinaziba pengo vizuri.

Sasa dagaa. Watu wanawadharau wakati wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo kalsiamu inaingia yote pamoja na protini. Ukienda Mwaloni, soko letu la samaki hapa Kirumba, chagua walioanikwa kwenye chanja. Chota gao, waachie warudi kwenye kiroba, halafu tazama kiganja: wa chanja wanaacha ng'aro ya magamba tu, waliokaushwa chini wanaacha chembe za mchanga kwenye mistari ya kiganja. Harufu ya ukungu ukiisikia, wasamehe hata kwa bei ya bure.

Kuosha ndiko wengi wanakosea. Weka dagaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, koroga, subiri kama dakika moja mchanga utue. Kisha watoe kwa mikono. Ukimwaga maji dagaa wakiwa ndani, mchanga uliotua unarudi juu yao. Rudia mara tatu. Baada ya hapo wakaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta kwa dakika 3 hadi 5, harufu kali iondoke, ndipo uweke mafuta kidogo, kitunguu, nyanya na ndimu mwishoni. Mafuta yaliyokwisha kukaangia, yakianza kutoa povu na moshi mapema, hayafai kurudiwa.

Na nunueni kwa kufuata mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Wekeni akiba wakati wa giza, kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, muwaanike juani mara moja kwa wiki.

Sahani: nusu mboga za majani, robo ugali, robo samaki au maharage. Sukari kwenye chai punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Nesi, Ilemela

Kocha hakugusa kuogelea, naomba kuongezea kwa ufupi. Ni zoezi zuri sana ila ziwa letu lina kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda maji tulivu ya kina kifupi yenye magugu, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuelekea adhuhuri. Vinapenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mtu anayesema "nilinawa miguu tu" hajajikinga. Maji ya ziwa ya kuogea yateke bila konokono, yafunike, yaache siku mbili: vimelea vinakuwa vimekufa. Hayo ni ya kuogea, ya kunywa bado yachemshwe.

Anayeingia ziwani mara kwa mara apime choo angalau mara moja kwa mwaka. Dawa ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, na inywewe baada ya kula maana tumbo tupu huleta kichefuchefu. Haiui minyoo michanga na haikingi maambukizi mapya. Ndiyo maana mtu anaweza kupona na kuugua tena.

Kijana wa Igombe

Dada nesi, na wanaofanya kazi usiku? Huku mialoni, mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, wengi wanalala mchana, na wanaamka wamechoka kuliko walivyolala.

Nesi, Ilemela

Mdogo wangu, mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, hata kama ni za mchana. Chumba kiwe giza, kanga mbili nene zilizopandanishwa dirishani zinafanya kazi. Chai na kahawa ziishe saa 6 kabla ya kulala. Wengi wanasahau kwamba chai ya rangi nayo inazuia usingizi. Saa ya kulala iwe ileile hata siku za mbalamwezi ambazo hakuna kazi, au isogee kwa saa moja au mbili tu. Anayegeuza ratiba yote kila mwezi mwili wake haujui asubuhi ni ipi.

Mshauri wa saikolojia, Isamilo

Mmeushughulikia mwili vizuri, naomba nikae kidogo kwenye moyo. Watu wanasubiri wajisikie vizuri ndipo watoke, wamtembelee ndugu, wamwagilie bustani. Kwa mtu aliyenyong'onyea njia hiyo haifiki. Tendo linatangulia, hisia inafuata, tena kwa kuchelewa.

Chukua daftari la kawaida. Kila jioni andika mambo matatu ya kesho pamoja na saa yake: moja la kutimiza, kama kufua mashuka, moja la kukuburudisha, kama kukaa juu ya jiwe saa 12 jioni ukitazama ziwa, na moja la watu, kama kumpigia shangazi aliye Ukerewe. Kabla ya kulifanya jipe alama ya moyo wako kuanzia 0 hadi 10, baada yake jipe tena. Baada ya siku 7 soma ulichoandika. Mara nyingi yaliyopandisha alama siyo yale uliyodhani.

Wengi hushindwa kwa kuandika mambo makubwa. "Kusafisha nyumba" hakufanyiki, "kufagia chumba kimoja" kunafanyika. Likikwama hata hilo, likate tena: toa ufagio, uegemeze mlangoni.

Wasiwasi nao utengee muda, dakika 15 saa 11 jioni, ukiwa umekaa na kalamu. Mawazo ya ada au kodi yakija saa 4 usiku, andika neno moja na uyaahirishe. Muda ukifika yagawe: ambalo kuna hatua ya kuchukua, andika hatua na siku, ambalo hakuna, funga daftari dakika zikiisha.

Kuna pia zoezi alilolipima Martin Seligman na wenzake mwaka 2005: kila usiku kwa wiki moja unaandika mambo matatu mema ya siku hiyo na sababu yake. Sababu ndiyo kiini. Anayeandika "uzima, familia, riziki" kila siku huchoka siku ya tatu. Andika "jirani kaleta ndizi, kwa sababu alisikia mtoto anaumwa". Hapo unaanza kuwaona watu.

Ninaomba sana msimwambie aliyefiwa atabasamu. Msiba una muda wake. Na mtu akikosa raha na hamu ya mambo karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki mbili, usingizi au chakula vikimpotea, apelekwe kituo cha afya. Akitamka kwamba hataki kuishi, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake njiani.

Mleta uzi, Nyegezi

Wabeja sana nyote. Mama Lishe, nyumba yenye watu wazima wanne na watoto watatu wadogo paketi inahesabiwaje?

Mama Lishe, Kirumba

Watoto wanahitaji chini ya mkubwa, kwa hiyo wahesabu kila wawili kama mtu mzima mmoja. Wanne na mmoja na nusu ni kama gramu 27 kwa siku, paketi ya 500 ifike siku 18. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka usimhesabu kabisa: chakula chake kitolewe sufuriani kabla chumvi haijaingia.