LinkedIn yangu ina miaka minne haijaleta hata mteja mmoja, nakosea wapi? (mkaguzi wa korosho, Mtwara)

Mkata_Sampuli

Wakuu habari za jioni. Naomba niende moja kwa moja kwenye mada.

Niko Mtwara mjini, Chikongola. Kazi yangu kupima ubora wa korosho ghafi. Nilianza 2016 kama kibarua wa ghalani kubeba magunia, baadae wakanipa bambo nikawa nachoma gunia natoa sampuli, halafu nikaanza kukata mpaka vidole vikababuka na yale mafuta ya ganda, na misimu mitatu ya mwisho nilikuwa ndo msimamizi wa sampuli kwenye kampuni moja ya wanunuzi. Mwaka juzi wakapunguza watu na mimi nikawemo. Nikasema basi ngoja nijitegemee, mzani wa gramu ninao, kikatio ninacho, kipima unyevu nimenunua kwa mtu, jina la biashara nimesajili BRELA na TIN ipo.

Msimu uliopita nimepata kazi mbili tu, zote za kujuana. Jamaa yangu wa Dar akanambia wanunuzi wa India na Vietnam wako LinkedIn, we ingia uone. Sasa mimi nilishaingia toka zamani! Profaili ipo, watu mia tisa ninao, ila wanaonifata inboksi ni kampuni ya Canada inayotaka nilipie ada ya viza na mdada mmoja anayeuza sarafu za mtandaoni.

Ilivyo sasa hivi: chini ya jina nimeandika mchapakazi, najituma, natafuta fursa (nilikopi kwa rafiki). Halafu dalali wa korosho, ufuta na mbaazi. Picha nimepiga kwenye pantoni la Msangamkuu. Nimeweka na kile kiduara cha kijani. Je nilipie ile ya premium au kuna kitu nakosea? Minada inafungua Oktoba na sasa hivi tuko Agosti, msaada wakuu.

Baharia_Shangani

Mkuu ushauri wangu futa hiyo kitu. Huku kusini kazi ni simu, unapigiwa "uko wapi, njoo ghalani," basi. Mimi miaka kumi na moja bandarini hapa sijawahi kuona mtu kaletwa na LinkedIn. Hela ya premium nunua bando ushinde WhatsApp kwenye magrupu ya korosho, huko ndo wenye mzigo waliko.

Dada_wa_Ligula

Baharia uko sahihi nusu. Kweli kazi inakuja kwa simu, ila subiri nikueleze kinachotokea baada ya simu, maana mimi niko upande wa kutoa mizigo na hawa wanunuzi nawahudumia kila msimu.

Bosi wa wanunuzi yuko Tuticorin kule India au Ho Chi Minh kule Vietnam. Mtu wake wa hapa anamtumia majina matatu ya wakaguzi, na namba. Yule bosi hawajui wote watatu. Anafanya nini? Anachukua jina anatafuta mtandaoni. Wa kwanza haonekani popote. Wa pili ndo wewe kaka yangu, mtu kavaa miwani meusi kwenye pantoni, anajituma, anatafuta fursa. Wa tatu kaandika anapima korosho ghafi Mtwara na Lindi, na chini kuna picha ya sinia la sampuli iliyokatwa. Nani anapigiwa? LinkedIn haikuletei mteja, inamwondolea wasiwasi mteja ambaye tayari kashikilia namba yako. Ukielewa hapo mengine yote yanajipanga yenyewe.

Sasa mimi kubwa kuliko yote nimeona hilo neno DALALI. Hilo litoe leo leo usilale nalo. Mkaguzi anayepima mzigo na hapo hapo ni dalali wa mzigo huo nani atamwamini? Mnunuzi anakulipa wewe ili umwambie ukweli hata kama ukweli utaharibu biashara, ukisema gunia linatoa paundi 50 za kiini wakati ni 47 yeye ndo anaumia kontena likifika. Akiona una kamisheni kwenye mauzo anajua kipimo chako kina mguu mmoja kwa muuzaji. Na huku kwetu tena watu wameshachoka na kangomba (wale wanaonunua korosho za wakulima kinyemela kwa bakuli), ukiandika dalali tu mtu anawaza mabakuli na vichochoro. Chagua moja. Kama ni upimaji andika upimaji, ufuta na mbaazi viweke kama mazao unayopima na sio unayouza.

Mstari wa chini ya jina una nafasi ya herufi 220, usijaze sifa, weka maneno ambayo mnunuzi mwenyewe anatype akitafuta: ukaguzi wa korosho ghafi, KOR (zile paundi za kiini kwa gunia), unyevu, Mtwara, Lindi. Kwa Kiingereza ndio, maana msomaji wako hajui Kiswahili, lakini Kiingereza chepesi cha kazi, sio kile cha CV za kukopi. "Mchapakazi" hakuna binadamu anayetafuta mkaguzi akaandika mchapakazi.

Kiduara cha kijani toa. Kile kinawaambia waajiri unatafuta ajira, na wewe hutafuti ajira unauza huduma. Kuna sehemu ya kuweka huduma unazotoa, ipo hata kwa akaunti ya bure, jaza hiyo. Premium usilipe kwanza, ukilipia profaili mbovu unapata profaili mbovu ya kulipia.

Sehemu ya maelezo binafsi hapo inaonekana mistari kama mitatu tu mpaka mtu abonyeze, kwahiyo usianze na "mimi ni kijana mwenye ndoto". Anza na unachofanya mkononi. Hebu nieleze hapa hapa unavyopima, kama unamweleza mdogo wako.

Mkata_Sampuli

Aisee dada umenigusa kwenye dalali, sikuwahi kuwaza hivyo kabisa, niliona nikiandika vingi ndo napata vingi.

Kupima: nachoma magunia ya juu, kati na chini ya mpororo, sio ya mlangoni tu maana mlangoni ndo wanapanga mazuri. Nachanganya, nagawa mpaka nabaki na kilo moja. Nahesabu punje kwanza. Halafu nakata moja moja katikati, natenga, nzima huku, zenye madoa na zisizokomaa huku, zilizooza na tupu kule. Natoa viini napima gramu. Zenye madoa zinahesabiwa nusu, zilizooza hazihesabiwi. Mfano nikipata jumla gramu 285 nazidisha kwa 0.1764 inakuja paundi 50 na kidogo, yani kwenye gunia la kilo 80 unatoa paundi 50 za kiini kinachofaa. Unyevu napima pembeni, ukishapita asilimia 10 namwambia mteja huu mzigo usipakie kwanza anika.

Dada_wa_Ligula

Umeona? Hiyo aya uliyoandika kwa dakika mbili ndo maelezo yako. Hiyo ya magunia ya mlangoni pekee mnunuzi akiisoma anajua huyu mtu ameshika bambo kweli. Itafsiri hivyo hivyo ilivyo, usiipambe.

Mzee_wa_Mikindani

Vijana mmesema vizuri ila ngoja niwape tahadhari ambayo mimi iliniuma. Mwaka fulani nilifanya kazi ya kupima mzigo wa mteja, nikafurahi matokeo mazuri, nikapiga picha magunia na karatasi ya ripoti nikarusha mtandaoni nionekane na mimi nipo kazini. Kwenye picha kumbe namba ya loti inasomeka, jina la ghala linasomeka na hesabu zote zinasomeka. Mnunuzi mshindani akaiona kabla mzigo haujapakiwa. Mteja wangu hakugomba hata, alinilipa, akanambia asante mzee, na hajanipigia mpaka leo.

Kwahiyo mwanangu picha weka lakini ya sampuli yako mwenyewe, nunua kilo yako moja kihalali, kata, panga kwenye sinia jeupe makundi yako yale matatu, weka mzani pembeni unaonyesha gramu. Na ripoti tengeneza ya mfano, andika juu kabisa MFANO, bila jina la mtu. Hiyo iweke pale juu kwenye vitu vya kuonyesha. Mteja akiona unavyotunza siri za wengine na yeye anajua zake zitatunzwa.

Kinywe_Ruangwa

Mimi nipo upande wa sampuli za madini ya kinywe (graphite) huku Ruangwa, sio korosho, lakini naongezea moja: zile mapendekezo ya kuandikwa na watu. Usiombe kwa mtu mwenye cheo kikubwa ambaye hakukuona ukifanya kazi, ataandika "ni kijana mzuri" na haisaidii. Omba yule mtunza ghala au yule aliyekuwa bosi wako wa sampuli, na umkumbushe kitu kimoja cha kweli aandike, mfano siku uliyokataa mzigo. Wawili watatu wanatosha. Mimi mmoja wangu ana mistari minne tu na ndo wateja wanautaja wakinipigia.

Halafu wale mia tisa ulionao achana nao hawana shida ila hawatakupa kazi. Tafuta wenye viwanda vya kubangua, wasafirishaji, watu wa ubora, watumie mwaliko na mstari mmoja wa kueleza wewe ni nani. Wachache wachache tu, ukirusha hovyo hovyo LinkedIn wenyewe wanakubana.

Baharia_Shangani

Haya mmenishinda lol. Ila mwambieni aweke na namba ya WhatsApp kwenye hiyo profaili maana mtu akishamwamini hataki kuandikiana barua, anataka kupiga.

Na mkuu swali, msimu wa 2018 ule serikali ilipochukua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likabeba mzigo, wewe ulikuwa wapi? Maana kwenye profaili za wengi naona hapo pameruka kama hapakuwa na mwaka.

Mkata_Sampuli

Baharia 2018 kampuni ilisimama, nilikaa Mnazi Bay kwa shemeji nikawa navua, nikarudi ghalani 2019. Niliandika kama niliendelea tu.

Dada_wa_Ligula

Rekebisha kaka. Kila mtu kwenye hii biashara anaujua msimu ule, akiona umeandika ulikuwa unapimia wanunuzi binafsi Novemba 2018 anajua umedanganya, na mkaguzi akikamatwa na uongo mmoja ndo basi tena. Acha pengo lilivyo, wenye korosho watalielewa bila hata kuuliza.

Mkata_Sampuli

Wakuu nimerudi baada ya siku nne. Dalali nimefuta, kiduara nimetoa, 2018 nimerekebisha. Picha nimepiga mpya nje ya nyumba asubuhi, shati la kazi, mke wangu kasema walau sasa nafanana na mtu anayelipwa. Sinia nimekata juzi kilo nzima, watoto wamekula viini vyote vya kundi la kwanza nikabaki na picha tu. Mtunza ghala wangu wa zamani kaniandikia mistari mitano, kaweka na ile siku niliyokataa magunia ya chini yaliyolowa. Maelezo nimetafsiri kama nilivyoandika hapa. Linki nimewatumia inboksi dada na mzee mnikagulie.

Dada_wa_Ligula

Nimeipitia, safi sana, picha ya sinia imekaa vizuri kuliko za kampuni kubwa nyingine. Ila kaka ule mstari wa chini ya jina umeandika "cashaw". Ni e, sio a. Mnunuzi akitype vizuri hakupati ng'o. Rekebisha sasa hivi kabla hujalala, halafu nitumie tena Jumatatu, kuna mtu wangu wa Kollam, India, ameanza kuuliza wakaguzi wa Tandahimba.