Diski ikianza kutoa namba za ajabu: tupeane uzoefu, ulijuaje kwamba inakufa?

Kamera_Tegeta
Wakuu, salaam. Mimi napiga picha za harusi, na kazi zangu za miaka mitano ziko kwenye diski moja ya terabaiti 2 ndani ya kompyuta ya mezani. (Najua. Msinigombeze, nimeshajigombeza.) Wiki hii imeanza kuganda, unafungua folda unangoja mpaka chai inapoa. Jana nimeweka CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, ikanipokea na rangi ya njano, yaani tahadhari. Mstari wa 05 ni sifuri tupu, ila C5 inasoma 18, na C6 (sekta zilizoshindikana kusomeka) nayo 18.

Fundi wangu anasema tuifomati itapona. Mwingine anasema nitupe. Ushauri ninao wa kutosha, nataka yaliyowakuta: yako ilionyesha nini, na baada ya hapo iliishi muda gani?

Mama_Fotokopi
Mdogo wangu, usiguse fomati kwanza. Nina steshenari, watu wa shule wananiletea mitihani niwachapie. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, njano, C5 inasoma 8. Kijana akaniambia hizo ni sekta mbovu, tunaendesha chkdsk yenye /r, ile amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, usiku kucha, asubuhi itakuwa safi. Nikafunga duka nikaiacha inahangaika.

Asubuhi nakuta kioo cheusi. Kompyuta haiioni diski kabisa, ndani inagonga tu. Mitihani ya muhula ya shule tatu ikaenda, tukakaa kuichapa upya mimi na binti yangu siku mbili. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba ile kazi inailazimisha diski kusoma uso wote, pamoja na pale palipooza, tena na tena. Ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo ili ujue kama ni mgonjwa.

Tiktik
Mimi sikuhitaji programu. Yangu iligonga kama saa ya ukutani, wiki ikaisha na yenyewe ikaisha.

Chumba_cha_Seva (Mombasa)
Kamera, jambo la kwanza, hiyo 18 yako si kumi na nane. Programu hiyo isipobadilishwa huonyesha namba kwa heksadesimali, yaani hesabu ya makumi na sita badala ya makumi, kwa hiyo ni 16 na 8, yaani 24. Ingia kwenye menyu ubadili iwe ya kawaida, usije ukapiga hesabu mbovu.

Sasa C5 maana yake nini. Hizo ni sekta ambazo diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, ikaziwekea alama zisubiri. Siku ukiandika kitu juu yake, inazipima. Ikiona ziko sawa, inazifuta kwenye hesabu kimyakimya. Ikiona zimekufa, inahamia kwenye sekta za akiba, na hapo ndipo 05 inapanda. Ndiyo maana fundi anakwambia itapona: ukifanya fomati kamili, C5 inaweza kurudi sifuri kweli. Namba imepona, picha zako zimekwenda.

Yaliyonikuta mimi ni kinyume na ya Mama. Kazini tulikuwa na diski moja makosa yanapanda kila siku, nikaiandikia barua ya kustaafu. Kabla sijaichomoa nikaangalia vizuri: 05 sifuri, C5 sifuri, kinachopanda ni C7 peke yake, ilishapita 1,900. C7 huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta. Nikabadilisha kebo ya SATA, ile inayounganisha hivyo viwili, ya shilingi mia mbili. Ikasimama palepale, hata moja haikuongezeka tena. Ila haikurudi nyuma, maana hiyo ni hesabu ya maisha, hairudi. Aliyekuja baada yangu aliikuta 1,900 akataka kuitupa tena!

Arusha_Baridi
Na wenye Seagate mnaosoma hapa, msipagawe na 01 na 07, mistari ya makosa ya kusoma na ya kutafuta data. Nilinunua mpya, siku ya pili 07 ikaonyesha mamilioni. Nikarudi dukani nimevimba, nikawaambia mmeniuzia uchafu. Wakanibadilishia. Ya pili nayo, mamilioni! Ndiyo nikatulia nikasoma. Kwenye Seagate, hiyo namba ya 07 imebeba vitu viwili: ukiitazama kwa heksadesimali, tarakimu 4 za mwanzo ndizo makosa, 8 zinazofuata ni idadi ya safari za kichwa kutafuta data. Zangu za mwanzo zilikuwa 0000. Dukani sijarudi mpaka leo, naona aibu.

Zimamoto
Mnaziamini sana hizi namba. Yangu ilikuwa na rangi ya buluu, "Good", jioni nimeizima nzima. Asubuhi haikuwaka. Hakukuwa na 05 wala C5 wala nini.

Chumba_cha_Seva (Mombasa)
Zimamoto hajasema uongo. Google walitoa utafiti wao 2007, diski zaidi ya 100,000, na zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa na dalili hata moja kati ya zile nne walizoziona nzito. Backblaze nao, kampuni ya kuhifadhi data, 2016 walisema wanaangalia tano: 05, BB (makosa yasiyorekebishika), BC (amri zilizopitiliza muda), C5 na C6. Karibu robo ya diski zao zilizokufa, zote tano zilisoma sifuri.

Kwa hiyo buluu haikuahidi kitu. Lakini dalili ikishatoka, ichukulie kwa uzito: utafiti huohuo wa Google ulikuta diski ikishapata kosa lake la kwanza wakati uso wake unakaguliwa, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ile isiyo nalo.

Mzee_wa_Mtumba
Mimi nina ushahidi wa upande mwingine. Nilinunua Kariakoo diski ya mkono wa pili, muuzaji anaapa "imetumika kidogo tu". Nyumbani naangalia 09, masaa 41,000. Hiyo ni karibu miaka mitano bila kuzimwa, bila shaka ilikuwa kwenye mashine ya kamera za ulinzi. Na 05 ni 112.

Nikasema potelea mbali, nikaijaza muvi. Kila mwisho wa mwezi naandika 05 kwenye daftari. Mwaka wa pili huu, 112, 112, 112. Ilishaumia zamani ikatulia. Ingekuwa imesogea hata mpaka 113 ningeanza kuhama.

Zimamoto
Una bahati wewe. Weka picha za mwanao humo tuone.

Mzee_wa_Mtumba
Nimesema muvi.

Kamera_Tegeta
Mrejesho. Juzi usiku C5 ilikuwa 24, jana asubuhi 61, na sikuwa nimefanya lolote zaidi ya kuiwasha. Nikanunua mpya, nikawasha Linux kwenye fleshi, nikatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Inachota kwanza sehemu nzima, kwenye ubovu inaruka, halafu mwishoni ndiyo inarudi kubembeleza palipobaki. Saa nane usiku umeme ukakatika nikajua yamekwisha. Kumbe ile faili ya ramani inakumbuka ilipofika, ikaendelea kutoka palepale.

Imechukua siku moja na nusu. Picha zisizofunguka mpaka sasa ni nne, na tatu ni za MC ameshika maiki.

Mama_Fotokopi
Alhamdulillah. Na ile mbovu umeipeleka wapi?

Kamera_Tegeta
Iko kabatini. Fundi anaitaka kwa elfu kumi, anasema ataifomati apate mteja.

Mzee_wa_Mtumba
Mwambie asije Kariakoo.